Jumla Moja, Wanafunzi Wawili: Jinsi Vyuo vya Marekani Vinavyopima Sehemu za SAT na ACT

Chukua wanafunzi wawili waliofanya siku moja SAT, mmoja wa mitihani miwili (mwingine ni ACT) ambayo vyuo vya Marekani hutumia kuwapima waombaji, kila mmoja akapata jumla ya 1420 kati ya 1600. Wa kwanza amepata 760 katika kusoma na kuandika, na 660 katika hisabati. Wa pili amepata kinyume chake: 660 katika kusoma na kuandika, 760 katika hisabati. Ukiwauliza wenyewe, watasema wako sawa. Ukimwuliza msomaji wa maombi katika chuo cha uhandisi, kisha mgawaji wa ufadhili wa masomo, kisha mtafiti wa elimu, utapata majibu matatu tofauti, na kila mmoja atakuwa na hesabu ya kutetea jibu lake.

Suala hili huwatatiza zaidi waombaji waliokulia katika mifumo yenye kanuni iliyoandikwa. Mwanafunzi wa Kenya aliyemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anajua kwamba KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, huchukua masomo manne yanayohusiana na kozi anayoitaka, huyachanganya na matokeo yake ya jumla, kisha humpa pointi za klasta zisizozidi 48. Mwenzake wa Tanzania hutazama ufaulu wake katika masomo ya tahasusi ya kidato cha sita na vigezo vya kozi vilivyochapishwa. Wote wawili wanapoelekeza macho Marekani hutafuta jedwali la namna hiyo, hawalioni, na wengi huishia kuamini kwamba sehemu zote zina uzito sawa au kwamba kinachotazamwa ni jumla peke yake. Imani hiyo imewapotezea watu muda na fedha. Uzito upo, ila haukuandikwa mahali pamoja: mwingine umefichwa ndani ya mtihani wenyewe, mwingine umo katika hesabu zinazofanywa na chuo, na mwingine umo katika namna msomaji wa maombi anavyozitazama alama hizo akiwa na kozi fulani akilini.

Tuanze na mtihani wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu husahau kutazama. SAT ulifanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 chini ya College Board, shirika linaloumiliki, na kwa miongo mingi ulitoa alama mbili, ya lugha na ya hisabati, kila moja ikianzia 200 na kuishia 800. Katika mpangilio huo hisabati ilikuwa nusu kamili ya jumla. Mwaka 2005 College Board iliongeza sehemu ya tatu, ya uandishi, ikiwa na insha ndani yake, nayo ikapewa alama 800. Jumla ikapanda hadi 2400. Hakuna chuo kilichopiga kura kupunguza uzito wa hisabati, lakini kwa yeyote aliyekuwa akisoma jumla, hisabati ilishuka kutoka nusu hadi theluthi usiku mmoja. Vyuo kadhaa vilikataa kuizingatia sehemu mpya, vikaendelea kusoma mbili za zamani, na kwa kufanya hivyo vikairudishia hisabati nusu yake. Machi 2016 mtihani ulirudi kwenye 1600, kusoma na kuandika vikaunganishwa kuwa alama moja, na insha ikawa ya hiari hadi ilipoondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo wanafunzi waliozaliwa miaka michache tu mmoja baada ya mwingine walipimwa kwa mizani tofauti chini ya jina lilelile.

Hata ndani ya SAT ya kidijitali ya leo, iliyoanza nje ya Marekani mwaka 2023 na ndani ya Marekani mwaka 2024, usawa wa sehemu mbili una mambo yake. Kusoma na kuandika kuna maswali 54 katika dakika 64. Hisabati ina maswali 44 katika dakika 70. Kila sehemu hutoa alama kati ya 200 na 800, na hivyo swali moja la hisabati, kwa wastani, hubeba alama nyingi kuliko swali moja la lugha. Tena kila sehemu imegawanywa katika awamu mbili, na ugumu wa awamu ya pili hutegemea ulivyofanya katika ya kwanza. Anayeteleza mapema hupelekwa kwenye maswali mepesi ambayo hayawezi kumfikisha kileleni hata akiyapata yote.

ACT, ulioanzishwa mwaka 1959 huko Iowa, una historia yake. Kwa muda mrefu ulikuwa na sehemu nne, yaani Kiingereza, hisabati, kusoma na sayansi, kila moja ikipewa alama 1 hadi 36, na alama kuu ikawa wastani wa hizo nne baada ya kukadiriwa hadi namba kamili. Hisabati ilikuwa robo tu. Mabadiliko yaliyoanza mwaka 2025 yameifanya sayansi kuwa ya hiari na kuitoa katika wastani, kwa hiyo wastani sasa ni wa sehemu tatu. Angalia yanayotokea kwa wanafunzi wawili wa kufikirika. Wa kwanza ana 34 katika Kiingereza, 28 katika hisabati, 33 katika kusoma na 29 katika sayansi. Wa pili ana 28, 34, 29 na 33 kwa mpangilio uleule. Kwa hesabu ya zamani wote wawili wana jumla ya 124, ukigawanya kwa nne ni 31. Kwa hesabu mpya wa kwanza ana 95, ukigawanya kwa tatu na kukadiria anapata 32. Wa pili ana 91, anaangukia 30. Hawakujibu swali hata moja tofauti. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwenye mtihani kuhusu kipi kihesabiwe.

Hapo ndipo mwanafunzi anayeimarika katika hisabati kuliko lugha anapaswa kuchagua mtihani kwa kufikiri. Katika SAT hisabati ni nusu ya jumla. Katika ACT mpya ni theluthi, huku Kiingereza na kusoma vikichukua theluthi mbili. Vyuo vinavyopokea mitihani yote miwili hulinganisha alama kwa majedwali ya ulinganifu yaliyotolewa kwa pamoja na wamiliki wa mitihani mwaka 2018, ambamo kwa mfano ACT 30 hukaribiana na SAT 1370. Jedwali hilo halikupi kitu cha kufidia tofauti ya mgawanyo ndani ya jumla.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa uzito usio sawa uko katika PSAT, mtihani wa awali ambao matokeo yake hutumika kuwatafuta washindi wa ufadhili wa masomo uitwao National Merit. Ufadhili huo unahusu raia wa Marekani na wakazi wa kudumu wanaokusudia kuchukua uraia, kwa hiyo mwombaji wa kawaida wa Mombasa au Mwanza haumhusu, ila unawagusa watoto wa familia za Kiafrika zilizohamia huko. Kanuni yake imechapishwa bila kificho: alama ya kusoma na kuandika huzidishwa mara mbili, hujumlishwa na ya hisabati, kisha jumla hugawanywa kwa kumi. Katika PSAT kila sehemu hufikia 760, hivyo kiwango cha juu kabisa ni 228. Turudi kwa wale wawili wenye 1420, tuseme hizo ndizo alama zao za PSAT. Mwenye 760 ya lugha anapata 218. Mwenye 760 ya hisabati anapata 208. Kiwango cha kufuzu hutofautiana jimbo kwa jimbo, na pengo la pointi kumi linatosha kabisa kumwingiza mmoja na kumwacha mwenzake nje. Nyuma ya lugha kupewa nafasi hiyo kubwa kuna mvutano wa haki pia: mwaka 1997 sehemu ya uandishi iliongezwa katika PSAT baada ya FairTest, shirika linalokosoa mitihani ya aina hii, kulalamika serikalini kwamba wasichana walikuwa wakipata tuzo chache kuliko wavulana.

Ngazi ya pili ni hesabu za vyuo vyenyewe. Watu wengi husema kwamba vyuo vya Marekani havitumii kanuni, na kwa vyuo binafsi vyenye ushindani mkali kauli hiyo inakaribia ukweli. Vyuo vya umma ni habari nyingine. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vitatu vya umma vya Iowa vilitumia kipimo cha pamoja ambacho katika sura yake ya kawaida kilichukua alama kuu ya ACT mara mbili, kikaongeza nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake, kikaongeza wastani wa alama za shule (kwa kipimo cha hadi 4) mara 20 na idadi ya kozi za msingi mara tano. Aliyefikisha 245 aliingia moja kwa moja. Mfumo wa California State University, kabla ya bodi yake kuachana na mitihani mwaka 2022, ulizidisha wastani wa shule kwa 800 na kuujumlisha na alama za SAT. Kanuni zote mbili hazikuona sehemu za mtihani kabisa. Zilipokea jumla, na pamoja na jumla zikapokea, bila kuuliza, mizani iliyowekwa na mwenye mtihani.

Huo ndio udhaifu ambao watafiti Eric Bettinger, Brent Evans na Devin Pope waliuchunguza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Walitumia kumbukumbu za wanafunzi wa vyuo vya umma vya Ohio na kuuliza swali rahisi: kati ya sehemu nne za ACT, zipi hasa zinatabiri kwamba mwanafunzi atafanya vizuri chuoni na hatakatiza masomo? Jibu lilikuwa kwamba Kiingereza na hisabati zinatabiri kwa nguvu, ilhali kusoma na sayansi hazikuongeza chochote cha maana pale zile mbili za kwanza zilipokwisha kujulikana. Maana yake ni kwamba chuo kinachotumia wastani kinachanganya habari nzuri na kelele kwa viwango sawa, kisha kinachagua watu kwa mchanganyiko huo. Mwanafunzi mwenye 26 katika Kiingereza na hisabati na 22 katika kusoma na sayansi anahesabiwa kuwa sawa na mwenye 22 na 26 kwa kinyume. Wote wana 24. Kwa ushahidi wa utafiti huo hawako sawa. Nilipousoma kwa mara ya kwanza nilishangazwa na jinsi suluhisho lilivyo rahisi, kwa kuwa alama za kila sehemu tayari ziko mezani kwa kila chuo na hakuna anayehitaji mtihani mpya. Kuondolewa kwa sayansi katika wastani wa ACT kunaenda upande uleule, ingawa kusoma kumebaki na theluthi yake.

Upande wa SAT una funzo linaloumiza kidogo. Mwaka 2008 College Board ilichapisha tathmini ya wanafunzi wa kwanza waliofanya mtihani wa 2400. Uhusiano kati ya alama na matokeo ya mwaka wa kwanza chuoni, kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana na 1 ni kuhusiana kikamilifu, na baada ya kurekebisha ukweli kwamba waliopimwa ni wale tu waliochaguliwa na vyuo, ulikuwa 0.48 kwa kusoma, 0.47 kwa hisabati na 0.51 kwa uandishi. Sehemu ambayo vyuo vingi viliipuuza ndiyo iliyotabiri vizuri kuliko nyingine. Tofauti ni ndogo, na alama za shule ya sekondari, zenye 0.54, zilitabiri zaidi kuliko sehemu yoyote moja, lakini takwimu hizo zinaonyesha kwamba uzito uliotolewa na vyuo ulifuata mazoea kuliko ushahidi.

Kuna hesabu nyingine ambayo huwafaidi waombaji nayo ni kuunganisha alama bora. Mwanafunzi aliyefanya SAT mwezi Machi akapata 690 ya lugha na 620 ya hisabati, kisha akarudia Oktoba akapata 650 na 710, ana jumla mbili: 1310 na 1360. Chuo kinachounganisha alama bora huchukua 690 ya Machi na 710 ya Oktoba, kikaandika 1400, jumla ambayo hakuipata siku yoyote. MIT, chuo mashuhuri cha sayansi na teknolojia, hufanya hivyo, Stanford na Georgia Tech vilevile, na wengine wengi. Hapo kila sehemu inasimama peke yake, na mwanafunzi anaweza kuelekeza miezi yake ya maandalizi katika sehemu moja bila kuogopa kwamba nyingine itashuka. Ila lazima asome sera ya kila chuo, maana vipo vinavyotaka matokeo yote ya kila mara aliyofanya, kama Georgetown kwa miaka mingi.

Ngazi ya tatu ni ile ya msomaji, na hapa kanuni hukoma. MIT ndiyo mfano wa kufundishia. Kila mwanafunzi wake, hata anayesoma falsafa au uchumi, lazima apite katika kalkulasi, tawi la hisabati ya juu, ya mihula miwili na fizikia ya mihula miwili inayotegemea kalkulasi hiyo. Chuo kilipotangaza Machi 2022 kurudisha sharti la SAT na ACT, mkuu wa udahili wa wakati huo, Stu Schmill, alieleza kwamba utafiti wao wa ndani ulionyesha mitihani inasaidia kujua nani yuko tayari, hasa kwa hisabati. Nusu ya kati ya wanaoingia huko hupata kati ya 780 na 800 katika hisabati. Ukitazama kiwango hicho unaona kwamba 800 haimpambanui mtu, kwa kuwa imejaa. Inachofanya ni kuondoa shaka. Lakini 660 inazua shaka kubwa, na 760 ya lugha haiwezi kuifuta. Msomaji wa maombi ya idara ya historia katika chuo kingine atazisoma namba hizo kwa namna nyingine kabisa.

Anayesoma alama vizuri pia hakubali kwamba 700 ni 700 popote. Kilele cha hisabati kina msongamano wa watu kuliko kilele cha lugha, hivyo 760 ya kusoma na kuandika ni adimu kuliko 760 ya hisabati, na ripoti ya matokeo huonyesha asilimia ya watahiniwa uliowapita katika kila sehemu. College Board yenyewe haitumii kiwango kimoja: alama inayoashiria kuwa mwanafunzi ana nafasi ya asilimia 75 ya kupata angalau C katika kozi husika za muhula wa kwanza ni 480 kwa kusoma na kuandika, lakini ni 530 kwa hisabati. Tena kila alama ya sehemu ina ukingo wa makosa wa takriban 30 kwenda juu au chini. Pengo la 20 kati ya sehemu zako mbili halina la kumwambia mtu yeyote. Pengo la 100 lina la kusema.

Kwa mwombaji, chombo chenye manufaa kuliko uvumi wote ni Common Data Set, fomu ambayo vyuo vingi huchapisha kila mwaka kwenye tovuti zao. Kifungu C7 hueleza kama alama za mtihani ni muhimu sana, muhimu, huzingatiwa tu, au hazizingatiwi. Fomu haina mahali pa kutaja uzito wa kila sehemu, na mimi naona hiyo ni kasoro inayopaswa kurekebishwa. Lakini kifungu C9 hutoa asilimia ya 25, ya 50 na ya 75 kwa kila sehemu ya SAT na ACT kati ya wanafunzi waliodahiliwa na kuingia. Ukilinganisha sehemu yako na sehemu yao, badala ya jumla na jumla, unajua mara moja ipi inakuvuta chini na ipi imekwisha kutosha. Tahadhari moja tu: pale ambapo kuwasilisha alama ni hiari, waliowasilisha ni wale wenye alama nzuri, na takwimu za C9 huvimba kwa sababu hiyo. Chuo cha Dartmouth, kiliporudisha sharti la mtihani Februari 2024, kilieleza kwamba baadhi ya waombaji wenye mazingira magumu walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuzilinganisha na za watoto wa shule tajiri wakati msomaji alikuwa akizilinganisha na za shule yao. Na kwa University of California hesabu yote hii haina kazi, kwa kuwa haizingatii SAT wala ACT katika udahili.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, sehemu ya kusoma na kuandika ndiyo inayohitaji mawazo zaidi. Katika mtihani wa kidijitali kila swali lina kifungu kifupi cha maneno 25 hadi 150. Mengine hupima hoja na ushahidi, ambayo mtoto aliyefundishwa kufikiri huyamudu katika lugha yoyote. Mengine hupima alama za uandishi na upatanisho wa kisarufi wa Kiingereza, na haya hujifunzika kwa wiki chache za mazoezi ya makini, kwa sababu kanuni zinazoulizwa ni chache na hurudiwa. Yanayobaki hupima msamiati katika muktadha, na hapo miaka ya kusoma vitabu haina njia ya mkato. Anayetaka kupandisha jumla kwa haraka aanze na kundi la pili kabla ya kununua kozi ya hisabati ambayo haihitaji.

Jambo jingine linamhusu mwalimu kuliko mwanafunzi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania alifundishwa masomo yote kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na historia kwa Kiingereza. Mtoto huyo akipata 640 ya kusoma na kuandika na 740 ya hisabati, msomaji wa maombi asiyejua historia hiyo ataona mwanafunzi dhaifu wa lugha. Anayeijua ataona mtu aliyepiga hatua kubwa ndani ya miaka sita. Ripoti ya SAT haina mahali pa kuandika hivyo. Barua ya shule inapo, na sentensi mbili zinazotaja lugha ya kufundishia katika shule ya msingi na mwaka ilipobadilika zinatosha.